Maswali Thelathini

Foronya ilikuwa imeshonwa pande zote nne. Msimamizi wa chumba cha ushonaji aliishika kwa ncha za vidole, akaiinua juu ili washonaji wote wanane waione.

"Mto utaingilia wapi, dada?"

Kicheko kikapita juu ya vyerehani. Mshonaji aliitazama kazi yake. Pindo lilinyooka kama lililopigwa rula. Miaka kumi na tisa ya kuishonea hospitali shuka haikuwa imempotea vidoleni. Ila huo upande wa nne hakukumbuka kuushona.

"Mpelekee daktari mkuu," alisema. "Yeye hahitaji mto. Kichwa chake kimejaa pamba tayari."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Zamani asingethubutu. Alikuwa mtu wa kumeza maneno na kuendelea na uzi wake. Lakini miezi saba iliyopita, katika jengo la pili la hospitali hiyohiyo, walimfungua fuvu wakatoa uvimbe uliolingana na ndimu, kisha wakampiga mionzi siku thelathini, uso wake umebanwa kitandani kwa kinyago cha plastiki. Uvimbe ulitoka. Vilitoka na vingine, ambavyo hakuna aliyevitaja kwenye karatasi ya ruhusa ya upasuaji. Ikifika saa nne asubuhi, mwili ulimlemea kama blanketi lililoloweshwa. Alilia kwa sababu sabuni imekwisha. Alikasirika kwa sababu mtu amekohoa. Mumewe alimsemesha kwa sauti ya juu, neno mojamoja, kana kwamba walimtoa masikio, na wageni wakija aliwaambia, "Mzima kabisa huyu," halafu akamgeuza kichwa wakague kovu.

Siku ya kliniki alipokewa na kijana aliyevaa koti jeupe, limepigwa pasi kuliko shuka yoyote ya wodini.

"Mama, mimi si daktari, ni mtafiti. Nina maswali thelathini kuhusu ubora wa maisha."

"Maisha ya nani?"

"Yako, mama. Na ni siri. Hata jina hatuandiki, namba tu."

Tangu apasuliwe, watu walikuwa wakimuuliza habari za kidonda basi. Akafunguka. Alieleza usahaulifu, uchovu, machozi, hasira inayompanda bila kubisha hodi. Alieleza asubuhi anazokaa ukingoni mwa kitanda akijiuliza avae ya nini. Kijana aliandika bila kuinua macho, lakini mshonaji alitoka pale akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Wiki mbili baadaye msimamizi alimwita ofisini. Mezani palikuwa na yale maswali thelathini. Kwenye kona kulikuwa na namba, na kando ya namba, kwa wino mwekundu, mtu alikuwa ameandika jina lake na neno "ushonaji".

"Umesema mwenyewe unasahau," msimamizi alisoma. "Umesema kuna siku unatamani kumchoma mtu sindano."

"Nilikutaja wewe."

"Ndiyo. Imeandikwa."

"Niliambiwa ni siri."

"Ni siri ya hospitali, dada. Kwani sisi ni nani?" Akamsogezea barua. Ilieleza kwamba mshonaji ameomba, kwa hiari yake, kuacha kazi kwa sababu za kiafya. "Utawala unakuhurumia. Unahitaji mapumziko."

"Na bima? Mwezi wa tatu napigwa picha ya kichwa, waone kama uvimbe umerudi."

"Bima ni ya wafanyakazi. Usiposaini, utaondoka kwa kumtukana daktari mkuu, na mashahidi ninao saba. Chagua linalokufaa."

Alisaini. Herufi zilipanda juu ya mstari, zikashuka chini yake. Msimamizi alisubiri kwa uvumilivu mkubwa, kama anayemshikia mtoto penseli.

Mwezi wa tatu kijana alimpigia simu aende kwa awamu ya pili. Alikwenda. Bila kadi ya bima, hapo ndipo mahali pekee hospitalini walipokuwa bado wanamkaribisha kiti.

"Wiki iliyopita, ugonjwa umekuzuia kiasi gani kufanya kazi yako?"

"Sina kazi."

"Nahitaji namba, mama. Mashine haikubali nafasi tupu."

"Nimekwambia sina."

"Kwa hiyo haukukuzuia." Akabonyeza moja kwenye kompyuta, maana yake "hata kidogo". "Umekosana na wenzako kazini?"

"Wenzangu wapi?"

Moja.

"Umesahau majukumu uliyopewa?"

"Nani anipe?"

Moja. Alipomaliza, alimgeuzia kompyuta. Mstari wa kijani ulianzia chini, ukapanda hadi karibu na ukingo wa juu. "Unaona? Maisha yako yameboreka kuliko ya wagonjwa wetu wote. Huu nitawaonyesha wafadhili."

"Na ile picha ya kichwa changu?"

"Huo si upande wangu. Ulizia dirishani, uende na kadi." Alikuwa ameshatoa simu. "Simama hapo kando ya mstari, mama. Tabasamu kidogo."

Mshonaji alimtazama kuanzia viatu hadi kola, bila haraka, kama anavyotazamwa mtu aliyekanyaga uchafu na hajui. Upande wa kulia wa mdomo wake ukainuka. Wa kushoto ulikuwa haujainuka tangu upasuaji.

Kijana aliikagua picha, akakunja uso. Kisha kwa kidole gumba akaikata katikati, akabakiza nusu iliyotabasamu.