Joto la Ghorofa ya Tatu

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, kama kila siku, Rolande alipanga bilauri tisa za maji kwenye meza ya mkutano. Saa mbili kamili wafu waliingia.

Walikuwa wachimbaji wa urani kutoka Katanga, waliokufa kabla ya uhuru. Mpango wa nishati ya nyuklia wa serikali ya nchi iliyowatawala ulikuwa umefilisika, wizara ikaamuru mageuzi, na cha kwanza kukatwa kikawa gesi ya kupashia ofisi joto. Wiki hiyohiyo wazee tisa walikuja, wakaegemea kuta, na miili yao ikatoa joto la jiko lililofunikwa majivu. Makarani wakavua makoti. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku ile ya kwanza mkurugenzi, Dries, aliwauliza wanataka nini. Rolande, msafishaji, aliona haya kwa niaba yake, maana kwao Katanga mgeni haulizwi neno kabla hajanywa maji.

"Bon, munywe kwanza, bapapa," aliwaambia wazee, akiwapa maji.

Wakanywa. Mmoja akafuta mdomo. "Aksanti, mutoto ya Viviane. Ni miye Ngoy."

Viviane alikuwa mama yake Rolande; mzee huyu ndiye babu yake mzaa mama, ambaye hakuwahi kumwona hata pichani. Rolande alimpokea kwa mikono miwili, ikaungua kidogo. Alimshukuru Mungu palepale, kwa sauti, ndoo ikiwa miguuni.

"Tunataka majina yetu," Ngoy alisema. "Kwa kitabu ya compagnie tulikuwaka numéro tu."

Rolande alimtafsiria Dries: katika daftari la kampuni ya mgodi waliandikwa kwa namba tu. Dries, mtu muungwana, aliahidi kuyaandika yote kwenye ripoti ya mageuzi, naye Rolande akamtajia moja baada ya jingine.

Ripoti ilitoka Machi. Mpango uliokolewa. Dries alileta keki, akamshukuru Rolande mbele ya wote. Kazi ya Rolande haikuguswa. Alishukuru pia, tena kwa moyo wote. Kisha akamsomea babu ripoti nzima. Jina halikuwamo hata moja. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja iliandikwa: "Joto, ghorofa ya tatu: vyanzo tisa, bila malipo."

"Neuf," alisema Ngoy, akijihesabu na wenzake hadi tisa. "Njo siye." Akamsogezea bilauri. "Ongeza mayi, mwanangu. Yako ni tamu."

Kesho yake Rolande alipanga bilauri tisa, na mbele ya kila moja akaweka kikaratasi chenye jina. Kila mzee alikaa penye lake. Ofisi ilikuwa na joto zuri siku nzima.