Mshono wa Juu

Taa zilipowashwa saa kumi jioni, uwanja mzima ulisema "Waaa!" kwa pamoja. Tao la barafu lilijaa wekundu, likageuka zambarau, likang'aa hadi mapovu ya Mto Songhua, ilikokatwa barafu hiyo, yakaonekana ndani ya nguzo. Tong Fuchun, fundi aliyelijenga, hakuwa na habari na rangi. Alikodolea macho mshono wa juu, pale vipande vya barafu vilipoungana.

Jiji zima la Harbin linajua kuwa barafu huungwa kwa maji, na maji hayashiki bila baridi kali. Siku ya mwisho ya ujenzi jua liliwaka, baridi ikalegea, maji ya Fuchun yakachuruzika tu. "Mzee Tong, shindilia theluji kwenye mshono tushuke," msimamizi alisema. "Litashika lenyewe." Naye, fundi wa miaka thelathini kazini, akashindilia! Tena akijua fika nani angesimama chini ya tao: Yanqiu, bintiye wa pekee, kwenye harusi ya pamoja ya tamasha la barafu.

Tik.

"Mkwe, mbona umenuna?" Mama Hou, mamake bwana harusi, alimpiga kiwiko. "Tunaoza, hatuziki!"

"Kuna kitu kinalia huko juu."

"Ni tumbo lako hilo. Kanywe supu."

Jozi ishirini za maharusi zikaanza kupita chini ya tao. Yanqiu, koti la mumewe mabegani, alimpungia babake mkono huku akicheka.

Tik.

Fuchun aliiruka kamba ya kuzuia watazamaji. "Tokeni! Litawaangukia! Tokeni chini ya tao!"

Loo, patashika gani ile! Mashela yakakanyagwa, bibi harusi mmoja akabwagwa kifudifudi, watu wakatawanyika wakipiga mayowe.

"Una wazimu wewe?" msimamizi alifoka.

"Niliunga siku ya joto! Halikushika, na unajua!" Alilisema mbele ya kadamnasi, jina lake lote la ufundi akalimwaga pale pale.

Wakasubiri. Tao likawa jekundu, likawa zambarau. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Mtu mmoja akaanza kucheka, wengine wakadakia.

Yanqiu alikuja, machozi yamemganda kwenye kope. "Litaanguka lini, Baba?"

"Subiri kidogo, mwanangu."

"Lini? Watu wanaganda kwa baridi."

Fuchun aliinua tena macho kwenye mshono.

"Baba gani huyu anayemtilia mwanawe nuksi siku ya harusi!" Mama Hou alimshika Yanqiu mkono, akaondoka naye. Walimalizia sherehe hotelini, na Fuchun hakualikwa. Wakaguzi wakapima tao, wakasema halina shida. Fuchun akafukuzwa kazi. Yanqiu akaacha kupokea simu zake.

Ikawa kila jioni anakwenda kusimama nje ya kamba, katikati ya watu wanaopiga picha. Mwanzoni alikwenda kuwaonya. Wakamzoea, wakamtania, "Mzee, leo ndiyo leo?" Baadaye akaacha kuonya, akabaki kutazama mshono tu. Alitamani lianguke ili Yanqiu ajue kuwa babake hakuwa mwongo. Alilitamani hilo hadi usingizi ukampaa.

Mwishoni mwa Februari theluji ilianza kulowa. Jioni moja aliisikia tena ile sauti, safari hii mara tatu mfululizo.

"Anguka basi," alinong'ona. "Anguka."

Darasa zima la watoto wa shule lilikuwa linapita chini ya tao, wameshikana mikono, wanatazama rangi. Fuchun aliwaona vizuri, na hakuwaita.