Beringi za Standadi

Gharibu alipima mara tatu. Alibana maikromita kwenye shingo ya kwanza ya krenki, akasoma, akaifuta kwa kitambaa, akabana tena. Kisha akahamia shingo ya pili. Bazilio alisimama ng'ambo ya meza ya karakana, mikono nyuma, kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa makosa ya mwanawe. Alikuwa ameondoka Busunzu alfajiri na krenki ndani ya kiroba, hajatia kitu tumboni, na hapo Kasulu harufu ya maandazi ya jirani ilikuwa inamtesa.

"Mzee Bazi," Gharibu akasema, "hii krenki imeshakatwa. Ilikatwa ishirini, zamani. Na sasa hivi imeliwa, inabidi tuishushe thelathini. Umekuja na beringi gani?"

Bazilio akasukuma boksi mezani. Gharibu akaligeuza, akasoma ubavuni.

"Standadi?"

"Ndizo walizoleta."

Huo haukuwa uongo, ila nusu nzima ya ukweli ilikuwa imebaki mdomoni mwake.

Krenki ndicho chuma kinachozunguka tumboni mwa injini na kulisukuma trekta zima. Ikichakaa hukatwa kwenye mashine ikawa laini tena, na kwa kuwa imepungua, huvalishwa beringi nene zaidi. Kumi, ishirini, thelathini, kila unene na namba yake. Standadi ni ya krenki ambayo haijawahi kukatwa. Ukiiweka kwenye krenki ya ishirini, umemvisha mtoto viatu vya baba yake, halafu unamwambia akimbie.

Bazilio alilijua hilo kabla Gharibu hajashika spana. Na standadi hiyo aliiandika yeye mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa sita. Nickson, afisa wa mradi wa zana, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Singida na bado analalamikia baridi, alifika kwenye mkutano wa Dufashanye, kikundi cha wakulima wa Busunzu, na fomu ya vipuri. Trekta la kikundi, jekundu enzi zake, lilikuwa limelala miaka minne chini ya bati. Mradi ulikubali kulifufua. Fomu ilitaka jina la kila kipuri na saizi yake, na mwisho wa kuipokea ulikuwa Ijumaa.

"Lazima nifungue injini kwanza nipime," Bazilio alisema siku hiyo.

"Kufungua injini ni kazi, mzee, na fungu la kazi halitoki mpaka vipuri viwe vimepokelewa. Ndivyo mfumo ulivyo. Wewe jaza tu."

"Sasa nitajuaje saizi ya kitu sijakiona?"

Nickson alicheka, akawageukia wanakikundi waliokaa kwenye mabenchi. "Jamani, huyu si ndiye fundi mnayenisifia? Miaka ishirini na tano, hajui saizi ya injini?"

Watu walicheka naye, bila ubaya. Wakamwangalia Bazilio, wakisubiri awatoe kimasomaso. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi tu: sijui. Mtoto wa darasa la kwanza hulisema kutwa nzima na hafi. Bazilio akashindwa.

"Andika standadi," akasema. Na kama hiyo haitoshi, akaongeza, "Injini hii haijawahi kuguswa."

Wakampigia makofi.

Sasa Gharibu alikuwa anamtazama, na Bazilio akajifanya anasoma tangazo la rangi za nyumba ukutani.

"Thelathini zinapatikana Mwanza," Gharibu akasema. "Nikipiga simu leo, Jumatano ziko hapa, naikata krenki, unaondoka nayo. Ila laki tano yote itakwenda, mzee. Zungumza na mabosi wako."

Bazilio akatoka nje, akapiga simu. Nickson alipokea kwa sauti ya mtu aliye kwenye gari.

"Beringi si saizi yake, bwana. Inabidi tubadilishe."

"Tubadilishe vipi? Vimepokelewa. Kamati imesaini, wewe umesaini. Nikirudisha, nitaulizwa nani aliandika saizi. Nijibu nini?"

Bazilio akaugeuzia mgongo mlango wa karakana.

"Kesho saa tisa naleta wageni, mzee wangu. Wale wenye hela yao. Likifungwa hivyo hivyo, litawaka?"

"Kuwaka litawaka. Ila halitadumu."

"Ripoti inauliza kama limewaka," Nickson akasema, na akaaga kwa heshima zote.

Aliporudi ndani, Gharibu alikuwa ameshaelewa. Alichukua msasa mlaini akaanza kuzisugua shingo za krenki, maana hakuna kingine ambacho kingefanyika siku hiyo.

"Imebaki ile ya kopo," alisema bila kuinua kichwa.

Bazilio akahisi masikio yanapata moto. Gharibu alijifunza ufundi kwake. Siku moja, akiwa na miaka kumi na saba, alikata vipande vya kopo akavipachika mgongoni mwa beringi nyembamba ili zibane, na Bazilio alipovikuta alimzaba kofi mbele ya mteja, akamfukuza. Alimwambia asirudi, kwamba mtu wa namna hiyo si fundi, ni mwizi mwenye spana.

"Ulinifukuza kwa ajili ya hilo," Gharibu akasema. Hakuwa na kisasi. Alisema kama mtu anayekumbuka mvua kubwa ya mwaka fulani.

"Nakumbuka."

Gharibu akaifunga krenki kwenye kiroba, akakataa malipo. Bazilio angependa atukanwe kuliko kusamehewa namna ile.

Herieth, mwenyekiti wa kikundi, alimpokea barabarani Busunzu, mwavuli mkononi. Mvua ilikuwa imeanza wiki hiyo na udongo ulishalainika.

"Mwidiwe, fundi," akamsalimu kwa Kiha. "Kasulu wanasemaje?"

Hapo ndipo angeweza. Walikuwa wawili tu, na Herieth si mtu wa kelele. Lakini Bazilio aliliona bonde nyuma yake, ekari thelathini na nane walizokodi kwa kulitegemea trekta hili, ekari mbili kwa kila mmoja wa watu kumi na tisa, yeye akiwa mmojawapo. Kila mmoja alikuwa ameuza mahindi yake ya akiba ili kuchangia sehemu ya mradi. Kwa jembe la mkono wasingelimaliza hata nusu kabla msimu haujapita. Na wangeuliza, kama alivyosema Nickson, nani aliandika.

"Iko vizuri, mama," akasema. "Kesho nalifunga."

"Ego, haya. Mungu akubariki. Nilikuwa silali."

Nyumbani aliingia jikoni, akachukua kopo la mafuta ya msaada, lile la bati jeupe ambalo watu hununua kutoka kambi ya wakimbizi ya Nduta kwa kuwekea vitu. Akamimina chumvi yote kwenye bakuli.

"Kopo langu umelifanyaje?" mkewe Jeanne akauliza.

"Nitakuletea lingine."

"La kazi gani?"

"La kazi."

Jeanne alimtazama, kisha akafunika bakuli la chumvi kwa sahani. Miaka yote waliyoishi pamoja, hakuwahi kumwona akileta kopo karibu na injini.

Kulipokucha alikata bati kwa mkasi, kipande kwa kila ubavu wa beringi, akatoboa tundu la kupitisha oili kwa msumari, akalainisha kingo kwa tupa. Unene ulikubali kabisa, na hilo lilimchukiza. Kila alipopita mtu, Bazilio alijifanya anatafuta spana mpaka apite. Mchana injini ilikuwa imefungwa. Hesabu aliijua: litalima ekari saba, nane, kumi likibahatika, yaani mashamba ya watu watano. Halafu bati litasogea, oili itakosa njia, injini itaanza kugonga, na kama dereva hajazima upesi, konrodi, mkono unaoishika krenki, itatoboa ubavu wa injini na kutokea nje. Hapo hapatakuwa na trekta tena la kulalamikia.

Saa tisa na nusu wageni walishuka kwenye gari jeupe. Trekta liliwaka kwa jaribio la pili. Moshi ulitoka mweusi, ukawa wa kijivu, ukapotea, na injini ikatulia vizuri hata Bazilio mwenyewe akatamani kuamini. Wanawake wakapiga vigelegele. Nickson akapiga picha, akaandika jambo kwenye tableti, akamletea Bazilio asaini kwa kidole kwamba kazi imekamilika. Akasaini.

Kisha Herieth akasimama na daftari.

"Jumatatu tunaanza kulima," alisema. "Orodha tuliipigia kura, lakini jana tumekaa tukakubaliana. Shamba la kwanza liwe la fundi. Bila yeye tusingekuwa hapa."

Makofi. Bazilio alikuwa anafuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Ekari mbili za kwanza, wakati injini bado nzima. Jeanne alikuwa amesimama kule mbele, anatabasamu. Bazilio akafungua kinywa, na kwa muda mfupi alidhani atasema kila kitu.

"Niwekeni wa mwisho," akasema.

Kukawa na minong'ono, halafu makofi makubwa kuliko ya kwanza. Mgeni mmoja akauliza amesema nini, akatafsiriwa, akaweka mkono kifuani. Nickson naye alipiga makofi, ila alikuwa anatazama chini.

Herieth akafuta, akaandika upya. Bibi Mpawenimana, mjane, aliyekuwa wa kumi na tisa, akawa wa kumi na nane. Akapenya polepole katikati ya watu, akamshika Bazilio mikono yote miwili.

"Umenisogeza, mwanangu," akasema. "Asante sana."

"Haya, mama," Bazilio akasema.