Wafa Hakai Kitini

Mwanangu Wafa ana miaka tisa, na tangu apate miguu sijamwona akimaliza sahani ya wali bila kuinuka mara tatu. Nyumbani nimezoea. Shuleni ndiko kwenye balaa. Jumatatu moja aliinuka katikati ya somo la hesabu kwenda kumtazama tumbili dirishani, akapiga kumbo kikombe cha uji, uji ukamwagikia madaftari ya darasa zima yaliyokuwa mezani kwa mwalimu.

"Mama Wafa, nimechoka," mwalimu mkuu, Bi Nyaboke, aliniambia mtoto mwenyewe akiwa amesimama pale pale. "Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Asipobadilika, mtafutie shule nyingine."

Shule nyingine ipi? Hii ilikuwa ya tatu, na Malindi si mji mkubwa. Sifa za mtoto hufika kabla ya mtoto.

Na kosa lilikuwa langu. Wiki tatu nyuma daktari wa watoto alikuwa amenieleza kwamba Wafa ana hali iitwayo ADHD: akili yake haina subira ya kushika jambo moja, na mwili wake unataka mwendo. Si jini, alisema, wala si malezi mabaya. Akaniandikia barua niipeleke shuleni, nami nikaificha kabatini chini ya leso. Kwetu mtoto wa kike akishatajwa na daktari kwa jambo la kichwa, majirani humkatia hukumu kabla hajavunja ungo. Niliona bora aitwe mtundu. Nilikuwa nikilinda jina langu, si mwanangu.

Jioni ile nilikwenda kumchukua chuoni, madrasa ya mtaani kwetu, nikiwa na hasira. Watoto walikuwa mkekani wakisoma Kurani kwa sauti, kila mmoja akiyumba mbele na nyuma, kama tulivyosoma sisi na mama zetu. Wafa alikuwa amesimama. Alitembea kutoka ukutani hadi mlangoni, akarudi, akisoma kwa moyo bila kuangalia msahafu.

"Ustadh, huyu hakusumbui?" nilimuuliza mwalimu wao, Ustadh Abubakr.

"Wafa? Hana neno huyu, ameanza juzuu ya pili. Akikaa husahau, basi mimi humwacha atembee. Kwani wewe wamtaka asome au akae?"

Miaka miwili nilikuwa nikimleta pale na sikuwahi kuuliza anasomaje, kwa sababu pale hakuna aliyeniita kulalamika.

Kesho yake niliitoa barua. Mwalimu wa darasa lake, Njenga, kijana wa bara asiyependa maneno mengi, aliisoma mara mbili.

"Mama Wafa, si ungeniambia mapema? Mimi nimekuwa nikimwadhibu huyu mtoto."

"Niliona haya, Mwalimu. Nisamehe. Njoo Jumamosi umwone chuoni."

Sikutarajia aje, lakini alikuja. Alivua viatu mlangoni, kidole gumba kikichungulia kwenye soksi, akakaa mkekani saa nzima katikati ya watoto wanaoyumba. Wakati wa kuondoka alisema tu, "Kumbe anaweza."

Jumatatu alimpa Wafa nafasi nyuma ya darasa, hatua sita kwenda na sita kurudi, asome akitembea mradi asimguse mtu. Majedwali ya kuzidisha akawasomesha wote kwa sauti, wakiyumba. Mzazi mmoja alikwenda kuuliza kama shule imegeuzwa madrasa. Wafa naye hakugeuka malaika: Jumatano alivunja rula ya mwenziwe akijaribu kuona inapinda kiasi gani. Lakini Alhamisi alipata kumi na tano kwa ishirini katika jaribio la hesabu, yeye ambaye karatasi zake zilikuwa zikirudi nyeupe.

Ijumaa tuliitwa ofisini. Njenga hakungoja kuulizwa.

"Madam, mimi nataka abaki. Akileta shida, ni shida ya darasa langu, tutaimaliza huko."

Bi Nyaboke aliisoma barua ya daktari, akaitazama karatasi ya jaribio.

"Atabaki," akasema mwishowe. "Na wewe mama, siku nyingine usinifiche."

Nikaitikia kwa kichwa.

Tulipofika langoni Wafa alinivuta mkono.

"Mama, Jumatatu naja?"

"Waja."

"Na Jumanne?"

"Na Jumanne."

"Na Jumatano?"

Kumbe alikuwa ameyashika yote yale ya mwalimu mkuu, akayabeba peke yake karibu wiki mbili bila kuniuliza hata mara moja. Nilichuchumaa nikamkumbatia, machozi yakanitoka mbele ya watu, nami nikaendelea kumtajia siku, moja baada ya nyingine, mpaka akaniambia basi.