Pumzi za Machinjioni

Asubuhi hiyo Shangazi alitia mkono ndani ya kuku, akavuta matumbo kama alivyoyavuta miaka yote, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake akataka kutapika.

Tusiyasingizie matumbo. Kilichomchefua ni mfereji. Ulipita chini ya meza yake, umeziba kwa damu, manyoya na mafuta yaliyoganda, ukitoa uvundo unaomng'ang'ania mtu hadi kitandani. Pua yake ilikwisha kuuzoea zamani. Aliyemletea balaa hili upya ni mwalimu wa kutafakari.

Meneja alimleta baada ya presha za wafanyakazi kupanda na mmoja wao kuanguka kazini. Wao waliomba mfereji uzibuliwe. Yeye akawaletea mikeka. Kila siku kabla ya zamu walikaa sakafuni, macho wameyafumba, mwalimu akisema kwa sauti laini: "Hii si dini wala uganga. Vuta pumzi. Kilichopo kitambue tu, usikikimbie."

"Kilichopo ni utumbo," alinong'ona mnyonyoaji manyoya aliyekaa jirani.

Shangazi alikaa shingo upande, lakini alikaa. Daktari alishamwambia kwamba presha isiposhuka, kazi ya kusimama aiage, na nyumbani hakuna mwingine wa kuwalisha wanawe. Basi alimeza dawa, akatulia, akavuta pumzi kwelikweli. Ndipo pua ilipozinduka.

Jioni mdogo wake, ambaye ni muuguzi, alimpima.

"Imeshuka, dada."

"Kwa upuuzi ule wa kufumba macho?"

"Dawa kwanza. Ila kutulia nako kunasaidia kidogo, watu wamechunguza wakaona." Alimfungua kipimo mkononi. "Tatizo ni kwamba hakuzibui mfereji."

Shangazi alisonya. Angependa kuambiwa ni uongo mtupu, aulaani, alale. Kumbe ni kitu cha maana kilichoangukia mikononi mwa mtu wa hovyo kama meneja, na hilo lilimtia kinyaa kuliko damu iliyooza. Chakula cha usiku hakukigusa.

Kesho yake, wakiwa mikekani, meneja aliingia na mpiga picha wa kumtangaza, viatu kavivika mifuko ya plastiki, leso puani.

"Nasikia presha zinashuka," alisema kutoka nyuma ya leso. "Mnaona? Mfereji haukuwa tatizo. Fundi hatuna tena haja naye."

Shangazi alihisi moyo ukimwenda mbio. Akavuta pumzi kama alivyofunzwa, akaitoa taratibu, na moyo ukarudi mahali pake. Akainuka, akashika kifuniko cha chuma cha mfereji kwa mikono miwili, akakiburuta kando. Mwalimu alirudi nyuma hadi ukutani.

"Karibu ukae nasi, meneja," alisema Shangazi, akimsogezea mkeka wake ukingoni mwa shimo. "Leso iweke mfukoni. Hapa hatuitumii."

Meneja alimtazama mpiga picha, na kamera ilikwisha kuinuliwa. Akapandisha suruali magotini, akaketi, akaishusha leso.

Mwalimu alibaki ukutani. "Fumbeni macho," alisema. "Vuteni pumzi ndefu."

Wote walivuta. Shangazi peke yake aliacha macho wazi, ametulia tuli, akimwangalia meneja usoni.