Upepo wa Daraja la Pili

Siku ya nne baada ya kimbunga, Bi Loretta Stubblefield, mpimaji wa vimbunga wa idara ya hali ya hewa, alipiga magoti kwenye tope la Kaunti ya Tallis, kaskazini mwa Alabama, akafukua nanga ya chuma kwa koleo dogo la bustani, akaipima kwa futikamba. Inchi kumi na nne. Ilipaswa kuwa arobaini na nane. Akaandika, akajipangusa mikono kwenye suruali, akahamia nyingine. Nanga zote nane zilikuwa zimekatwa kwa msumeno na kuchomekwa ardhini mpaka kichwani, maana mkaguzi wa kaunti huangalia vichwa tu.

Nyumba ya trela iliyofungwa kwa nanga hizo ilikuwa imesambaa kwenye misonobari, nusu maili mashariki. Kilichobaki uwanjani ni ngazi tatu za saruji zilizopanda kwenda hewani. Kwenye ngazi ya juu alikaa Verna Tackett, aliyekuwa akiishi humo, na bakuli la kunde aliloletewa na akina mama wa kanisa. Hakuwa ameligusa.

"Msiegeshe gari chini ya ule mpekani," aliwaambia. "Mume wangu atapita saa kumi na moja na dakika kumi na saba, na kwenye mti huo ndiko anakopigizwa."

Msaidizi wa Loretta, mhandisi aitwaye Curtis Pruett, alilisogeza gari. Habari hizo walikuwa wameshaambiwa ofisini.

Saa ilipofika, kimbunga kilitokea nyuma ya tangi la maji, kama kilivyotokea siku ya kwanza na kila siku tangu hapo. Kilikuwa cheusi, na mngurumo wake ulitikisa meno mdomoni. Kilichuna lami ya barabara kikaikunja, kikaokota injini ya lori kikaitupa, kikaiokota tena. Katikati yake alizunguka Odell Tackett, viatu hana, shati limemtoka. Bati lilimpasua bega. Jokofu lilimfuata nyuma likamvunja mgongo. Kisha kimbunga kikamkamata miguu kikampigiza kwenye mpekani, na wote watatu wakasikia mifupa ikivunjika.

Kila baada ya sekunde kumi na moja alipita karibu na ngazi, na hapo alipata nafasi ya kusema.

"Umekula, Verna?"

"Nimekula."

Alikuwa anadanganya. Odell alizunguka, akapigizwa mara ya pili, akarudi.

"Hao ndio wapimaji?"

"Ndio hao."

"Waambie hakiniachii mpaka waandike daraja la haki la nguvu zake. Kina kiburi hiki, utadhani diwani!"

Verna alitaka kitu kimoja tu duniani, mwili wa mumewe ndani ya jeneza, na jeneza ndani ya ardhi kando ya mama mkwe wake. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Jeneza lilikuwa kanisani tangu Jumanne, tupu, na mchungaji alikuwa anaulizia kwa adabu.

Curtis alimwelekezea Odell tochi ya trafiki, ile ya kunasa mwendo wa magari. Ilisoma maili mia moja tisini na nne kwa saa.

"Daraja la nne hili, bosi. Halina mjadala."

"Kitabu cha madaraja hakipimi upepo, Curtis. Kinapima kilichovunjika."

"Si umemwona mwenyewe?"

"Nimemwona. Trela yenye nanga nzuri ikifagiliwa yote, naweza kujikongoja mpaka la tatu. Yenye nanga fupi ni la pili, tena hapo nimebembeleza."

"Kwa hiyo aliyekata nanga ndiye aliyeupunguza upepo?"

"Ndivyo kitabu kilivyo."

"Na lami iliyochunwa?"

"Kitabu kina vitu ishirini na nane. Lami haimo."

"Mti?"

"Mti umo, lakini una mwisho wake. Haunifikishi huko."

"Na mtu?"

Loretta alifunua kurasa, ingawa alikijua kitabu kile kwa moyo kwa miaka ishirini na miwili. "Mtu hayumo," alisema.

Ng'ambo ya barabara, nyumba ya matofali ya Wendell Gaither ilikuwa nzima mpaka kigae cha mwisho, kuta zake zimeshikwa kwenye msingi kwa bolti nene kama kidole gumba. Gaither ndiye mwenye kiwanja cha trela, na msumeno ulikuwa wake. Alikaa barazani na glasi ya chai baridi.

"Pole sana, Verna!" alipaza sauti.

"Ile ndiyo nyumba," Loretta alisema polepole. "Ingefagiliwa ile mpaka chini, ningeandika la nne leo hii."

Verna akasimama, bakuli likaanguka. "Odell! Kiambie kipinde! Kipige kwa Gaither!"

Sekunde kumi na moja zilipita. Odell alipigizwa mara ya tatu, akarudi, taya limeteguka, akalishika kwa mkono ili aseme.

"Nimekiambia. Kinasema kina njia yake, hakibabaishwi."

Verna alimgeukia Loretta, akamshika mkono wenye kalamu. "Andika la nne, mama. Nani atajua?"

"Wote, Bi Verna. Ukiandika la nne wanakuja mabingwa kutoka vyuo vinne, na wa kwanza atafukua nanga. Niliwahi kuandika kwa huruma mara moja. Walifuta kabla ya wiki kwisha."

Alimhurumia kweli. Kisha akaandika mbili.

Kimbunga kilisimama. Kiliinamisha mkia juu ya bega la Loretta, taratibu, bila hata kupeperusha karatasi, na kikasoma. Halafu kikamwinua Odell juu kupita nyaya za umeme, kikampigiza kwenye mpekani kwa mara ya nne, ambayo siku zilizopita haikuwapo, na kikaondoka naye.

Loretta aliomba radhi. Curtis alizima tochi.

Mwezi uliofuata ripoti ilitoka, na faili likafungwa. Basi la shule likahamishiwa saa kumi na moja kamili. Katika jeneza lile akazikwa bibi mmoja mwembamba, na kaburi likafukiwa ili ng'ombe wasivunjike miguu. Odell akawa anapigizwa mara nne kila jioni.

Gaither alileta trela nyingine, akaiweka hatua ishirini kutoka njia ya kimbunga. Verna alikuja kuitazama, akakubali kuhamia, kwa kuwa dirisha la jikoni lilielekea mpekani.

Siku ya kuifunga, fundi wa Gaither alikuwa ameinamia nanga na msumeno, saa kumi na moja na dakika kumi na saba, Odell alipopita juu yake.

"Fupi hizo!" Odell alimpigia kelele.

"Najua, mzee," fundi alijibu, akaishika kofia yake isipeperushwe, na akaendelea kukata.