Wimbo wa Makuei

Awut alikuwa ameinama juu ya karai la unga wa mandazi redio ilipomtaja kaka yake kwa jina.

Haikuwa taarifa ya habari. Lilikuwa tangazo tu. Kikundi cha waigizaji kutoka Nairobi, waliokuwa wakizunguka kaunti baada ya kaunti mwaka huo ambao kaunti zenyewe zilikuwa bado changa, wangefika Lodwar Jumamosi na mchezo wao wa kuimba mwanzo mpaka mwisho. Katikati ya maneno ya mtangazaji wakaweka kipande kidogo, sauti ya mwanamume peke yake, bila ngoma, kwa Kidinka: "Makuei wangu, kichwa cheupe, Mawien anakuimbia..." Kisha mtangazaji akarudi na karibuni nyote.

"We dada," mteja mmoja alimwambia, "hayo mandazi yatajikaanga yenyewe?"

Awut hakumsikia. Aliacha karai, akaacha mafuta yakifuka moshi, akakimbia na unga wake mikononi hadi nyumbani kwa mama yake.

Kwao Wadinka, kijana akipata fahali wake humtungia wimbo, na tangu siku hiyo rafiki zake humwita kwa jina la rangi ya fahali huyo. Wimbo ni wake kama pua yake ilivyo yake. Akiwa hai, huuimba mwenyewe. Wengine huuimba akishazikwa, ili jina lisilale pamoja naye. Mawien alikulia Kakuma kambini, mahali ambapo ng'ombe ni wa Waturkana wanaopita kando ya laga, ule mto mkavu, basi yeye akatunga wimbo wa fahali ambaye hajazaliwa. Mwili mweusi, kichwa cheupe, kama tai anayekula samaki. Wa rangi hiyo huitwa Makuei.

Vijana bombani walimcheka hadi wakachoka. "Mawien, huyo ng'ombe wako anapewa mgao kwa kadi ya nani?"

"Yuko njiani," alikuwa akijibu. "Atakuja na mahari ya Awut. Ninyi chekeni tu, mtakuja kuniomba maziwa."

Miaka minne ilikuwa imepita tangu atoke kambini kutafuta kazi. Aliondoka bila kibali, kwa hiyo hakusema anakwenda upande gani. Hakurudi, wala salamu haikurudi. Sudani ya Kusini ilipopata uhuru majirani wengi walipanda malori kurudi kwao, na jina la mama yake, Achai, lilikuwa limesomwa pamoja na yao. Lori lilipowashwa Achai akateremka na godoro lake. Alisema kijana wake akirudi atawakuta wapi? Wazee wa kanisa wakamshauri afanye matanga, moyo upumzike. Akawauliza neno moja tu: "Wimbo wake mmemsikia nani akiuimba?" Hakuna aliyekuwa ameusikia. "Basi yuko," alisema, na shanga zake za shingoni, ambazo mfiwa huzivua, hakuzivua.

Ndiyo maana Awut mwenyewe, aliyeujua wimbo ule tangu kaka yake anautunga, hakuthubutu hata kuuguna wakati wa kufua.

"Anaimba redioni," alimwambia mama yake, akihema. "Mama, ni Mawien. Anaimba wimbo wake, na jina lake amelitaja."

Achai alikuwa anapepeta mtama. Aliweka ungo chini polepole, kama mtungi uliojaa maji.

"Nenda," alisema. "Mwambie sikasiriki. Mwambie aje hivyo hivyo alivyo, hata kama hana kitu."

Kibali cha kwenda Lodwar Awut alikipata baada ya kupanga foleni hadi jua likamwumiza macho. Huko alifikia kwa Sellah, mama mmoja wa Kisumu aliyekuwa akiuza nguo za mitumba Lodwar na Kakuma, na ambaye kwa miaka mingi alikunywa chai ya Awut siku za soko. Sellah ndiye aliyekata tikiti, kwa sababu, alisema, tangu amkimbie mume wake hajaona kichekesho kingine.

Mchezo ulianza saa tisa mchana, katika ukumbi wa mabati ulio karibu na soko. Joto lilikuwa la kuchoma ulimi. Watu walijipepea kwa viatu. Awut alikaa nyuma, maana kila alipokaa mbele mtu alimwambia, "Dada mrefu, tafadhali, sisi nasi tumelipa."

Kilikuwa kisa cha kijana mchungaji na msichana wa mjini. Waliimba wanapogombana, waliimba wanapokula, hata askari aliyekuja kumkamata kijana aliimba. Sellah alicheka mpaka akamkalia jirani yake. "Mdogo wangu, ona! Huyu polisi anaomba hongo kwa sauti ya nne!"

Awut hakucheka. Alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, mikono yao, miguu yao, jinsi wanavyosimama. Kaka yake hakuwamo. Akaanza kuogopa.

Halafu jukwaa likabaki tupu. Akaingia mwanamume aliyejipaka majivu kutoka kichwani hadi miguuni, amevaa kofia ndefu ya manyoya ya mbuni, uso wake mweupe hauna jicho wala pua kwa mbali. Alikuwa ni mzimu wa baba yake yule mchungaji, amekuja kumuaga mwanawe. Akainua mikono miwili juu, kama pembe, akaimba.

*Makuei wangu, kichwa cheupe,*
*kamba yako bado ni nyasi porini,*
*Mawien anakuimbia kabla mama yako hajakuzaa.*
*Dada yangu Awut ndiye atakayekuleta,*
*usiogope njia, ana miguu mirefu.*

Watu waliacha kujipepea, ingawa hakuna aliyeelewa neno. Awut alielewa yote. Sauti ilikuwa nzito kuliko aliyoizoea, lakini miaka minne si mchezo, na sauti ya mtu hukomaa. Kilichomthibitishia ni pumzi. Baada ya "dada yangu" Mawien alikuwa akikata pumzi, kidogo, kama mtu aliyejikwaa, kisha ndipo atamke jina la Awut. Alifanya hivyo tangu utotoni ili kumtania. Mwanamume wa majivu naye alikata pumzi pale pale.

Awut akashika mkono wa Sellah. "Ni yeye."

"Una hakika?"

"Ni yeye, dada. Ni yeye."

Wasanii walitokea mlango wa nyuma, penye tangi la maji. Awut na Sellah walipofika wakakuta kundi la wasichana wameshajipanga, wote wanamtaka yule kijana mchungaji wa kwenye mchezo, simu mkononi tayari kwa picha. Mlangoni alisimama msichana wa kikundi, Jelagat, anayetunza nguo za mchezo, amebeba rundo la magauni.

"Picha moja moja! Msimshike shati, ni la kikundi! Na wewe mrefu, unamtaka nani?"

"Yule wa majivu."

"Wa majivu?" Jelagat alishangaa. "Huyo hajawahi kuulizwa na mtu. Yuko pale kwa tangi anaoga."

Mwanamume alikuwa amewapa mgongo, ameinama, anajimwagia maji kwa kopo. Majivu yaliteremka kwa michirizi. Awut alitaka kumwita Mawien, lakini akaona aibu kumwita kaka yake kama anavyoitwa na makarani. Akamwita kama anavyoitwa mwanamume na watu wake.

"Makuei!"

Kopo likaanguka. Mwanamume alibaki ameinama vile vile, maji yakimtiririka.

"Ni Awut," alisema, bila kugeuka.

Furaha iliyompata Awut hapo hakuwahi kuipata kabla wala baadaye. Alipiga hatua, mikono imeshafunguka. Ndipo mwanamume akageuka, na maji yalikuwa yamemaliza kazi yake. Alikuwa mfupi bila ile kofia. Uso ulikuwa wa mviringo, una ndevu. Ulikuwa uso wa mtu mwingine kabisa.

"Miye si yeye, mama," alisema kwa Kiswahili cha Kongo. "Unisamehe. Miye ni Baudouin."

Awut aliteremsha mikono yake. Haikuwa na pa kwenda.

"Jina langu umelijua wapi?"

"Ninaliimbaka kila siku."

 Sellah alienda akasimama kati yao na wale wasichana, akageuza kanga yake iwe kama pazia.

Baudouin alimwekea Awut ngoma akalie, naye akachuchumaa mchangani. Akaeleza. Yeye na Mawien walikuwaka pamoja kule ziwani, karibu na Kalokol, wanatia samaki chumvi kwa tajiri mmoja anayepeleka samaki hao Kongo. Walilala turubai moja. Jioni Mawien anaimba, Baudouin anamfuata kwa mdomo, hajui maana, anapenda tu. Siku moja mwiba wa samaki mbuta ulimchoma Mawien mguuni. Alifunga kitambaa, akaendelea na kazi. Mguu ukavimba, homa ikapanda, na kabla gari la samaki halijaja akawa amekwisha.

"Lini?" Awut aliuliza.

"Mwaka ule wa uhuru wenu. Mvua ilikuwa imenyesha, kaburi lilichimbika bila taabu."

Tangu mwaka ule, Awut alifikiri, watu aliowapikia mandazi walikuwa wakimwambia kila asubuhi, atarudi, atarudi. Na yeye akiwaitikia.

"Kakuma si mbali. Kwa nini hukuja kutuambia?"

Baudouin alijishika kichwa. "Mama, Mawien alisikiaka kwa wachuuzi kwamba watu wa mtaa wenu wote walipanda lori, wamerudi. Alikuwa anakusanya nauli awafuate huko. Alinambia, 'Baudouin, kwetu Kakuma hakuna mtu tena.' Ningekuja kumwambia nani?"

Awut alitazama mchanga. Aliliona lile godoro likiteremshwa kwenye lori. Mama alibaki ili asipotezane na mwanawe, na mwanawe akakaa siku chache za kutembea kutoka kwao, akijua kwamba hawapo.

Kisha hasira ikampanda, akashukuru, kwa kuwa hasira ilikuwa nyepesi kuliko lile lingine.

"Na nani amekupa ruhusa ya kuimba wimbo wake? Kwa watu wanaokula njugu? Wimbo si shati, umvue maiti uvae wewe!"

"Alinipa mwenyewe. Nilikataa. Nilimwambia miye Mbembe wa Kongo, ng'ombe namjuaka kwenye sahani tu. Alicheka, na homa yote ile. Alisema, 'Imba tu, usitoe jina langu ndani. Ukiimba mahali pengi, siku moja wenyewe watasikia.'" Baudouin alipangusa pua kwa kiganja. "Nilipofika Nairobi nikatafuta kazi ambayo inazungukaka. Watu wa kikundi walitaka kutia maneno ya Kiswahili. Nilikataa. Nikawaambia nitatoka. Nami sina pa kwenda."

Honi ililia. Wenzake walikuwa wamekwisha kupakia mbao na mataa, na Jelagat alikuwa akiita, "Mzimu! Panda gari, au ubaki na wafu wenzako!" Mara akaona uso wa Awut, akaja akamfunika Baudouin shati mabegani.

"Ukitaka niache, naacha leo," Baudouin alisema. "Ni wenu."

 Kwenye kope za Awut vumbi na chozi vilikuwa vimeshikamana.

"Usiache. Na ile pumzi kabla ya jina langu, usiiache pia."

"Kuna kipande cha mwisho," Baudouin alisema. "Hakimo kwenye mchezo. Alikitunga kule ziwani."

"Niimbie."

Baudouin akaimba chini chini, akiwa amechuchumaa. Awut akamfuata, akakosea, akarudia. Dereva akapiga honi tena, Sellah akamwendea na kumwambia maneno ya Kijaluo ambayo hata asiyejua Kijaluo aliyaelewa. Honi haikulia tena.

Achai alikuwa ameketi mlangoni Awut aliporudi Kakuma. Alikuwa amesuka nywele upya na kufagia uwanja hadi barabarani. Alitazama nyuma ya binti yake, njiani, kisha akamtazama yeye.

"Yuko nyuma? Anaona haya?"

Awut alikuwa ametafuta maneno tangu Lodwar, kwa Kiswahili na kwa lugha yao, na yote yalikuwa yamekauka. Aliweka mzigo chini. Akainua mikono miwili juu, kama pembe, akaanza.

*Makuei wangu, kichwa cheupe...*

"Nyamaza!" Achai alisema. "Huo si wako. Mwenyewe yupo."

Awut hakunyamaza.  Alipofika kwenye "dada yangu" akakata pumzi, kama mtu aliyejikwaa, akalitaja jina lake mwenyewe. Achai alikuwa ameinua mkono kumkataza tena. Mkono ule ukabaki hewani, ukaanza kushuka, ukafika shingoni, ukashika shanga. Awut akaingia kipande cha mwisho, kile ambacho Kakuma nzima haikuwahi kukisikia.

*Makuei, ukizaliwa usiniulize niko wapi,*
*maji makubwa yameninywesha nikatosheka.*
*Binti zako wakizaa, maziwa ya kwanza*
*mpeni Achai. Mwambieni alingoja vizuri.*

Achai alifungua uzi. Shanga zilimwagika mapajani, nyingine zikabingirika kwenye uwanja alioufagia. Hakuziokota. Alikaa hivyo mpaka majirani wawili watatu wakaanza kusogea, wakiwa wamesikia wimbo wa Mawien ukiimbwa na mtu asiye Mawien, na wakiwa wameelewa. Mwanamke wa kwanza akajishika kichwa kuanza kulia.

Achai akamwashiria angoje.

"Hapo mwisho," alimwambia Awut. "Hapo alipotaja jina langu. Rudia."